Jigi ya heringi haijisokoti yenyewe

Wiki hii tena kaja mteja na mfuko wa plastiki, ndani jigi ya heringi (ule uzi wenye ndoano ndogo nyingi wa kunasia heringi, samaki wadogo wa chambo) imekuwa donge kama nywele zilizotoka kwenye chanuo, kaiweka mezani akasema "nyie mmenipiga". Na si wa kwanza, karibu kila mwezi anakuja mtu na donge lake anadai tumemuuzia feki. Neno hilo linatuuma sana manake hii kazi tunaifanya kwa moyo, so naomba leo niandike yote ili mtu akija tuongelee kitu kimoja.

Tulikaa naye tukaifumua palepale, kama dakika 20, ndoano moja moja. Mafundo yote 6 mazima, ndoano zote zipo, hata vile vipande vya ngozi ya samaki vinavyong'aa havijang'oka. Tukafika chini kabisa tukakuta chubwi, yaani kile kizito cha kuzamishia uzi, la gramu 15. Kwenye mkondo! Hapo ndo ugomvi wote ulipo.

Heringi akishika ndoano mara nyingi hashuki wala hakimbii pembeni, anapanda juu. Mmoja akipanda sawa, lakini wale wanatembea kundi, wakishika watatu wanne kwa pamoja wanaliinua chubwi jepesi kama hakuna kitu, uzi unalegea, kila samaki anazunguka upande wake na vile vitawi vyenye ndoano vinajiviringisha kwenye uzi mkubwa. Chubwi zito linaubana uzi umenyooka hata samaki wakipanda. Sisi kwa jigi ya ndoano 6 tunashauri gramu 60 maji yakiwa yametulia na kina kifupi, ukienda mita 30 na mkondo unavuta weka 90 au zaidi. Mtu anaona chubwi ni kitu cha kubania hela, anaokota lolote lililolala kwenye boksi lake, alafu anapoteza jigi nzima.

Kosa lingine ni kuitoa kwenye pakiti. Watu wanaikwanyua kwenye kadi kwa mkupuo, hiyo ishavurugika hata kabla ya kugusa maji. Funga kwanza sehemu ya juu kwenye uzi wa fimbo, ning'iniza chubwi chini, alafu achia ndoano moja baada ya nyingine huku chubwi linavuta. Na ukishapandisha samaki usiilaze jigi kwenye sakafu ya boti, iache inaning'inia imekazwa mpaka umemtoa wa mwisho.

Sasa bei. Ndiyo, jigi zetu ziko juu kuliko zile za mafungu na hatutashusha. Kila boksi likiingia tunafungua pakiti moja, tunaning'iniza kilo 2 kwenye kila kitawi, fundo likiteleza boksi lote linarudi lilikotoka. Ndoano tunazijaribu kwenye ukucha, ikiteleza bila kukwama ni butu, hatuuzi. Vitawi vyake ni uzi mgumu kidogo unaosimama mbali na uzi mkubwa, zile za bei chee uzi wake mlaini kama wa kushonea, unalala tu. Alafu fikiria, heringi wanakaribia juu alfajiri na jioni, jua likishapanda wanashuka chini. Muda wenyewe ni mfupi, fundo likikatika hapo umepoteza chambo cha siku nzima, na mafuta ya boti umeshachoma.

Kuhusu saizi, kuna mzee mmoja tunamheshimu sana alikataa katakata namba 10, akachukua namba 2 (namba ikiwa ndogo ndoano inakuwa kubwa) akisema ndoano kubwa inaleta samaki mkubwa. Alirudi mikono mitupu na alikuwa ameliona kundi kwenye skrini ya kutafutia samaki, limejaa kama wingu. Heringi anakula vidudu vidogo vya baharini na vikamba vidogodogo, mdomo wake mdogo, kwa hiyo namba 8 au 10, wakiwa wadogo sana chukua ndogo zaidi, namba 12. Maji maangavu chukua ngozi nyeupe bila mbwembwe nyingi, maji machafu au giza chukua yenye shanga inayowaka gizani. Na kabla hujachukua ya ndoano nyingi angalia sheria ya maji unayovua, sehemu nyingi wameweka kikomo cha ndoano.

Ukishusha usirushe fimbo kama unapigana na mtu. Mdomo wa heringi ni mlaini, ukivuta kwa nguvu unachanika na samaki anaanguka. Inua taratibu urefu wa mkono, shusha polepole uzi ukiwa umekaza, wengi wanashika wakati inashuka. Ukihisi uzi umelegea ghafla ujue wameshashika wanapanda, zungusha rili taratibu bila kusimama. Na msibamize vitu kwenye boti jamani, heringi anasikia vizuri mno.

Halafu hili la chambo kufa. Tunalaumiwa eti ndoano zina sumu! Tulienda na mteja mmoja tukaona anavyofanya, anamkamata heringi kwa taulo kavu, anamminya, anang'oa ndoano, taulo lote limebaki linang'aa magamba. Heringi aliyetoka magamba hafiki mbali. Usimshike kabisa. Pitisha waya juu ya tangi la kuwekea chambo hai, kunja ya ndoano iegemee kwenye waya, geuza kitawi juu, samaki anadondoka mwenyewe majini. Tangi liwe la duara maji yanazunguka muda wote, na usijaze, wachache wenye nguvu wanakufaa kuliko lundo linalohema juu juu.

Ukimaliza suuza jigi na maji baridi ya bomba, kausha, izungushie kwenye kipande cha sponji ngumu. Ile iliyokaa na chumvi mwezi mzima ndoano zimepiga kutu usiirudishe majini kwa kuona huruma, kutu inakula ncha na inalegeza fundo.

Kama fundo limeteleza lenyewe, lete jigi na pakiti yake tunakupa nyingine bila maswali. Kama imejisokota lete pia, tunaifumua pamoja bure, ila usianze kuikata na kisu huko baharini, na chubwi ulilofungia uje nalo.