Naenda kufunguliwa kifua, lakini nyumbani siruhusiwi kutaja kifo

Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji, nanyi wasomaji wenzangu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro. Mwezi ujao nitalazwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, kwa upasuaji wa kufungua kifua. Mlango mmoja wa moyo wangu, upande wa kushoto, umekakamaa. Damu inapita kwa shida na kurundikana kwenye mapafu. Daktari alisema chanzo ni maambukizi ya koo ya utotoni ambayo hayakutibiwa vizuri, yakaleta homa iliyoujeruhi moyo kimyakimya. Nilikuja kujua nikiwa na mimba ya mtoto wa pili. Nilikuwa nikipanda ngazi tatu tu za darasani nahema kama mtu aliyekimbizwa, na usiku nalala nimeegemea mito.

Niseme mapema kwamba sibishani kuhusu upasuaji wenyewe. Huko nilishapita. Mwaka jana, kwenye mkesha, mhubiri mgeni alitufundisha kwamba anayeombewa huku anameza vidonge hajaamini. Nikaacha dawa siku 12. Miguu ilivimba hadi ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo, na nikafikishwa hospitali nikikohoa povu lenye damu. Tangu hapo najua Mungu hakasirishwi na kidonge. Hata mfalme Hezekia, baada ya Bwana kuyasikia maombi yake, nabii Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake.

Tatizo langu ni kwamba nyumbani hakuna anayeniacha niseme kuwa huenda nisirudi.

Daktari alitueleza mimi na baba watoto kwa upole, bila kuficha. Watapasua mfupa wa kifua, damu itapitishwa kwenye mashine itakayofanya kazi ya moyo na mapafu, moyo utasimamishwa, kisha mlango mbovu utatolewa na kuwekwa wa bandia. Aliniwekea mfano wake kiganjani. Kiduara kidogo kama sarafu, kimezungushiwa kitambaa cheupe cha kushonea, ndani kuna vibao viwili vyeusi vinavyofunguka na kufunga. Chepesi ajabu. Nikiwekewa huo nitameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yangu yote, nipimwe damu mara kwa mara, na habari ya mimba nyingine niiache. Akasema wengi wanatoka salama, wapo wachache wasiotoka. Tukasaini. Nje kwenye benchi, mama mmoja aliyekwisha kuwekewa alinivuta. "Sogea mwanangu, sikiliza." Nikainamisha sikio kwenye kanga yake: tik, tik, tik, kama saa ya mkononi. Nililia kwa shukrani.

Usiku tuliporudi nikachukua kaunta buku. Nikaandika hisa zangu za VICOBA na wanaonidai. Karatasi za kiwanja ziko wapi. Namba ya siri ya simu. Kwamba mdogo ana pumu na dawa yake ya kuvuta iko droo ya juu, siyo ya chini. Nilipofika kwenye "Nikifa", baba watoto, ambaye sikujua kama amesimama nyuma yangu, akanitoa kalamu mkononi. "Mama watoto, futa hayo. Unakiri kifo." Mkono wake ulikuwa unatetemeka. Miaka 11 ya ndoa sijawahi kuuona ukitetemeka.

Mama yangu akaja na basi la kwanza kutoka Kilosa, ameshika chupa ya mafuta. Akanipaka kifuani palepale watakapopasua, akitamka Mithali 18:21, mauti na uzima huwa katika uwezo wa ulimi. Sasa kila nikianza kusema "ikitokea", wanadakia wote wawili, "Haitatokea, kwa jina la Yesu!" Naitikia amina, kisha nakaa macho hadi alfajiri.

Nawapenda, na imani yao ndiyo iliyonilea. Lakini nikifungua Isaya 38, neno la kwanza nabii alilompelekea Hezekia ni hili: "Tengeneza mambo ya nyumba yako, maana utakufa, wala hutapona." Hezekia akageukia ukutani, akaomba na kulia sana, na akaongezewa miaka 15. Kulisikia neno la kifo hakukumuua. Na Bwana Yesu, kule Gethsemane, aliwaambia rafiki zake kwamba roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, akawaomba wakeshe pamoja naye. Mimi natafuta mtu wa kukesha nami namna hiyo.

Kijana wangu wa miaka tisa amesikia kwamba moyo utasimamishwa. Asubuhi moja namfunga vifungo vya shati, akaniuliza, "Mama, mwalimu wa kanisani alisema Yesu anakaa moyoni. Wakiusimamisha, atakuwa wapi?" Nilimwambia anachelewa shule. Inaniuma mpaka leo kwamba sikumjibu.

Daftari nimelimalizia kwa siri, liko chini ya godoro. Je, nimkabidhi dada yangu, au mzee wa kanisa, bila mume wangu kujua? Au nitakuwa nimemsaliti? Kijana nimjibu nini? Na ninyi mliopita kwenye upasuaji huu, usiku wa kuamkia siku ile mliomba vipi? Mimi nikipiga magoti linanijia neno moja tu la Zaburi ya 73: "Mwili wangu na moyo wangu hupunguka, bali Mungu ni mwamba wa moyo wangu." Kwa neno hilo naweza kuingia chumba cha upasuaji. Ila bado sijapata neno la kumfanya baba watoto aketi kitandani kando yangu anisikilize hadi mwisho. Nisaidieni, nianze kwa kusema nini? Zimebaki wiki tatu.

Mama wa wawili,
Morogoro