Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, Assalamu alaikum na hamjambo nyote.

Upandaji wa mikoko na usafi wa ufuo viliendelea mwaka huu, na mweka hazina ataeleza matumizi yake. Mimi nitazungumzia mafaili ya ujenzi, maana huko ndiko kamati ilikotumia nguvu nyingi zaidi.

Ombi la mradi kando ya hori letu likifika NEMA, yaani mamlaka ya taifa ya mazingira ya Kenya, mamlaka hiyo huwatumia ripoti ya athari kwa mazingira wahusika wengine, wakiwemo wa maji, misitu na serikali ya kaunti, ili watoe maoni kwa maandishi. Wengi wetu tuliamini kwamba ulinzi wetu uko hapo. Basi nikaanza kuyasoma majibu yenyewe.

Ofisa hujibu yale aliyoyakuta kwenye karatasi. Kwa zile nyumba za kupangisha zilizoombwa upande wa kaskazini, ramani ilionyesha shimo la maji taka na mifereji ya mvua, lakini hakikuwamo kisima chetu hata kimoja. Aliyejibu hakuwahi kufika. Akaandika kwamba hana pingamizi. Ofisi nyingine haikujibu kabisa, na hilo liliniuma zaidi, kwa sababu chini ya Kanuni za Tathmini ya Athari kwa Mazingira za 2003 siku 30 zikipita bila maoni, NEMA inaendelea na uamuzi wake. Ofisi ikinyamaza, mradi hausimami.

Hapo ndipo tulipobadili barua zetu. Zamani tulikusanya saini na kusema hatuutaki mradi. Safari hii kina mama wanaoteka maji walituonyesha visima vyote, vijana wakapima umbali wa kila kimoja hadi penye shimo, na wavuvi wakachora mahali maji ya mvua yanapoingilia horini na kamba wanapozaliana. Barua ilikwenda NEMA, na nakala kwa kila mhusika. Ofisa mmoja akaja. Alisimama kwenye kisima kilicho mpakani mwa kiwanja, akaomba avutiwe ndoo, akayaonja maji na kuandika. Jibu lake la pili lilitaka shimo lihamishwe na ripoti irekebishwe. Hadi ninapoandika, leseni haijatolewa. Ninawashukuru sana kina mama wale.

Wapo wanachama wanaouliza kwa nini tusiende moja kwa moja kwenye kesi, kama wenzetu wa Lamu. Leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ilitolewa mwaka 2016, na Mahakama Maalumu ya Mazingira (National Environment Tribunal), inayosikiliza rufaa dhidi ya uamuzi wa NEMA, ikaifuta tarehe 26 Juni 2019, hasa kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Ulikuwa ushindi mkubwa kwa pwani nzima, lakini ulichukua karibu miaka mitatu. Haki ya kukata rufaa tunayo, na ikibidi tutaitumia. Hata hivyo, kisima kikishaingia maji taka, hukumu haikisafishi. Nasisitiza tuwahi wakati faili bado liko wazi.

Sasa kuna ombi la kituo cha mafuta karibu na barabara ya kwenda bandarini, na muda wa maoni unakwisha mwezi huu. Ripoti iko kwa katibu, imeandikwa kwa Kiingereza. Vijana wa chuo wamekubali kuisoma na kuifafanua Jumamosi baada ya Alasiri. Mwenye kisima upande ule ajiandikishe kwa katibu kabla ya siku hiyo.