Picha za ujenzi wa Hale zisiozee kabatini

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wakazi wa Korogwe, Muheza na Tanga mjini wenye picha za ujenzi wa mabwawa ya Mto Pangani.

Tangu Bwawa la Julius Nyerere lianze kujazwa maji Desemba 2022, ule ukuta wa mita 131 umejaa kwenye simu zetu. Ni jambo jema. Ila kituo cha umeme cha Hale kwenye Mto Pangani, megawati 21, kilijengwa miaka ya 1960, kamera zikiwa za wachache. Kumbukumbu yake ni karatasi, na karatasi haziwezani na joto na unyevu wa huku kwetu.

Kwa shemeji yangu ipo moja. Vibarua wamesimama juu ya nondo, pekupeku, mmoja ana karai la zege begani. Picha imegandana na kioo cha fremu. Ukiivuta, sura zinabaki kwenye kioo. Nyuma pameandikwa "Hale" kwa penseli, basi. Jina la mtu hakuna.

Marekani, serikali ilimwajiri Ben Glaha kupiga picha za ujenzi wa Bwawa la Hoover hatua kwa hatua. Mpiga picha Margaret Bourke-White naye alikwenda kwenye ujenzi wa Bwawa la Fort Peck, hukohuko Marekani, na picha yake ya zege ikawa jalada la toleo la kwanza la jarida la Life, Novemba 1936. Ndani ya toleo hilo aliwaonyesha wafanyakazi na jamaa zao wakijiburudisha usiku kwenye vijiji vya mabanda. Kwangu mimi hizo za ndani ndizo zenye thamani kubwa zaidi. Zege la Hale utaliona hata leo ukienda, waliolibeba hutawaona.

Ninachoomba ni hiki: Makumbusho ya Urithi pale Boma, yakishirikiana na shule za sekondari, yawatume vijana kwa wazee. Picha iliyogandana isivutwe, ipigwe kwa simu ikiwa palepale kwenye kioo. Waandike jina, kazi aliyofanya mtu na kijiji alichotoka. Picha yenyewe ibaki kwa mwenyewe, maana wengi wanaficha wakihofia kunyang'anywa.

Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa amevuka 80. Kazi hii ianze mwaka huu.

Msomaji wako,
Chumbageni, Tanga