Dau la askari likipanda, tujiulize waliotangulia wako wapi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Mimi ni mkulima wa zabibu hapa Mpunguzi, Dodoma, na kilichonifanya nishike kalamu ni mtoto wa kaka yangu.

Kijana ana miaka 24. Alijitolea JKT miaka miwili akitegemea kuajiriwa jeshini, nafasi hazikutosha, akarudi nyumbani. Sasa anaendesha bodaboda ya tajiri na kila jioni lazima apeleke hesabu. Mwezi uliopita alinifuata shambani, akaniamkia, akanipa simu. "Shangazi, soma mpaka chini." Ulikuwa ujumbe wa Kiswahili cha kuungaunga: kazi ya ulinzi Urusi, dola 2,000 kwa mwezi, tiketi na viza juu yao, mkataba utasainiwa hukohuko. Kidole chake, cheusi kwa grisi ya mnyororo, kilikuwa kimeganda juu ya ile 2,000. Simlaumu hata kidogo. Pesa hiyo hajawahi kuishika tangu azaliwe.

Nilimwambia huenda huo "ulinzi" ni vita ya Urusi na Ukraine, basi tutazame kwanza wenye vita yao wanalipana ngapi. Julai 2024 Jiji la Moscow lilipandisha malipo ya mkupuo kwa mtu anayesaini mkataba wa jeshi hadi rubli milioni 1.9. Kwa pesa yetu ni zaidi ya shilingi milioni 50, na mshahara bado. Mwisho wa mwezi huohuo serikali kuu ya Urusi ikapandisha malipo yake kutoka rubli 195,000 hadi 400,000. Si ukarimu huo. Septemba 2022 walipoita watu 300,000 kwa amri, wanaume kwa maelfu walikimbilia Georgia na Kazakhstan, na tangu hapo mkazo ukawa kwenye pesa. Ukraine nayo, Februari 2025, iliahidi hryvnia milioni 1 kwa vijana wa miaka 18 hadi 24 watakaosaini mwaka mmoja. Hata Marekani, ambako mabomu hayaanguki, mwaka 2025 iliwaongezea askari wa vyeo vya chini mshahara kwa asilimia 14.5, baada ya jeshi lake la nchi kavu kupungukiwa waajiriwa 15,000 mwaka 2022.

Sasa mwanangu, nikamwambia, mwenyeji wa Moscow anawekewa milioni 50 mezani ndipo akubali kwenda. Wewe unaitwa kwa dola 2,000 na tiketi ya kwenda tu.

Babu yetu alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akapelekwa Burma mwaka 1944 katika Vita Kuu ya Pili. Koti lake zito la jeshi ninalo mimi. Vifungo vya shaba vimebaki viwili, na kwa ndani kuna mfuko alioushona mwenyewe kwa uzi mwekundu ili afiche kitabu chake cha mshahara. Vita ilipoisha, Waingereza walilipa kiinua mgongo kwa rangi ya ngozi: Mzungu wa cheo cha chini kabisa shilingi 10 kwa kila mwezi wa utumishi, Mwafrika wa cheo hichohicho shilingi 3 na senti 50. Babu amekufa hajui. Alikuwa akitusimulia kwa fahari kwamba Mwingereza alimlipa haki yake yote, na mimi nikikumbuka sauti yake ile roho inaniuma.

Na yupo Mtanzania mwenzetu aliyekwenda Urusi kusoma, akafungwa, akaahidiwa msamaha na malipo akikubali kwenda vitani. Aliuawa Oktoba 2022. Mwili ulifika nyumbani Januari 2023.

Juzi kijana amenionyesha simu tena. Wameongeza dau, sasa ni dola 2,500. Nilimuuliza akifa pesa hiyo atalipwa nani, kwa akaunti ipi, na jina la mrithi limeandikwa wapi. Hakuwa na jibu, na huo mkataba wa Kirusi hajauona.

Naiomba Wizara ya Mambo ya Nje ilisemee jambo hili kwa Kiswahili, redioni na kwenye ofisi za vijiji, na itoe namba ya simu ambayo kijana anaweza kupiga kabla hajatuma picha ya pasipoti yake kwa mtu asiyemjua. Barua hii ikitoka nitaikata niipeleke kijiweni kwao, maana wenzake watano wamepokea ujumbe huohuo.

Mkulima wa zabibu,
Mpunguzi, Dodoma