293 ni hesabu ya panya waliokufa

Mhariri, naomba nafasi niongelee hii ishu maana inaniuma sana na watu wanazidi kuichukulia poa. Pale kazini kwetu tuna mitungi ya klorini ya kutibu maji, sasa kila ikivuja kidogo ukilalamika unaonyeshwa karatasi ya usalama, unaambiwa soma hapa, LC50 ppm 293, sisi hapa hata 20 hatufiki, rudi kazini.

Jamani, hiyo 293 mnajua ni nini? Panya wa maabara wakivuta klorini sehemu 293 kwenye kila sehemu milioni ya hewa, kwa saa moja tu, nusu yao wanakufa. Nusu! Ndo maana ya LC50, na ppm ndo hizo sehemu kwenye milioni. Na ile nusu iliyobaki hai namba haikuambii mapafu yao yamekuwaje.

Vipimo vya aina hii kwa sasa vina utaratibu wa OECD, ile jumuiya ya nchi za ushirikiano wa kiuchumi, namba 403, wa tangu 1981 ukaja kurekebishwa 2009. Kwa kawaida panya anavutishwa masaa 4, anaingizwa kwenye mrija unaombana, pua tu ndo inatokea kwenye hewa yenye sumu, maana akiachwa mwili mzima sumu inanata kwenye manyoya halafu akijilamba anaimeza na majibu yanaharibika. Wanaopona wanafuatiliwa siku 14, uzito, kupumua, kila kitu, mwisho nao wanauawa na kupasuliwa. Wanangoja siku zote hizo kwa sababu sumu ya kuvuta inaweza kuchelewa kuonyesha makali yake, hata mtu aliyevuta klorini anaweza kuondoka kazini anakohoa tu, mapafu yakaja kujaa maji usiku yuko nyumbani na watoto.

Binadamu ana namba zake. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, wanasema klorini isizidi ppm 0.5, na ikifika ppm 10 hapo ni hatari kwa uhai. Kwa hiyo hiyo 20 tunayoambiwa hatufiki ni mara mbili ya kiwango cha kumtoa mtu mbio!

Mi roho inaniuma pia kwa hao panya, na nilifurahi OECD walipoleta njia nyingine 2017, namba 433, inayoangalia dalili za sumu bila kulenga vifo. Lakini wale walioshakufa basi angalau majibu yao yasomwe sawasawa.

Naomba waajiri wabandike 0.5 na 10 kwa Kiswahili, maandishi makubwa, kwenye mlango wa chumba cha mitungi, waweke kipima gesi chenye king'ora na maski zinazofaa kwa klorini, sio vile vitambaa vya vumbi. Na mfanyakazi akisema koo linamuwasha atolewe nje kwanza, karatasi mtasoma baadae.

Fundi wa mitambo ya maji