Mbolea ya mjomba wako

Kwanza, Trans Nzoia
Machi

Ndugu Wafula,

Salamu nyingi, na pole kwa kimya. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu na anauliza kama bado hujaoa. Nimemjibu kwa niaba yako. Mvua imeshaonja, trekta zinapita hata usiku, ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga. Kwa simu tungecheka tu mpaka salio liishe.

Ni habari ya mjomba wako. Usishtuke, ni mzima kabisa. Majuzi kule matangani alikaa karibu nami, akatoa simu, akatuonyesha ujumbe wa vocha: mbolea ya serikali, shilingi 2,500 mfuko. "Serikali inanipenda," akasema, "na tangu nihamie Nairobi sijashika jembe." Watu wakacheka. Nami nikacheka, tena kwa sauti, ilhali shamba lenyewe ni zile ekari tatu ninazomlipia kodi kila Januari!

Sisemi ameiba. Wakulima walipoandikishwa kwa chifu mwaka 2023 alikuwa nyumbani, akasema ana ekari tatu, na kweli anazo. Orodha inamjua mwenye shamba, mwenye mahindi haimjui. Nilimwendea naibu wa chifu niandikwe kuwa nimekodi. Akasema ekari hizo zina mtu tayari, nimlete aseme kwa kinywa chake.

Hebu piga hesabu. Ekari moja mfuko mmoja wa kupandia, mwingine wa kuongezea mahindi yakifika magotini. Hiyo ni mifuko sita, 15,000 kwa vocha. Dukani kwa agroveti ni ghali zaidi, na kukopa nimeshakatazwa pale. Septemba 2022 bei iliposhushwa hadi 3,500 tuliona sikukuu, sasa ni 2,500 na mimi naisikia matangani.

Na usinitajie mbolea feki ya 2024. Waziri wa kilimo wa wakati ule alinusurika kung'olewa bungeni. Mahindi ya jirani yetu Sajenti hayakunusurika. Hata hivyo mwaka huu Sajenti amepanga foleni tena. Afanyeje?

Narudi kwa mjomba. Ninachoogopa ni kumuudhi. Nikidai mbolea atakumbuka kwamba hajanipandishia kodi. Unamjua: mbele ya watu ni mcheshi, ukigusa pesa anageuka hakimu. Nilifikiria kumtumia pesa kwa M-Pesa ili anichukulie, lakini dirishani inakotolewa mbolea wanataka mwenye vocha na kitambulisho chake, kwa hiyo... Sajenti anasema kuna njia. Njia za Sajenti unazijua, tuziache.

Sasa wewe ndiye mpwa wake, wewe anakusikiliza. Mwambie kama mzaha, halafu usicheke mwisho. Atakuja Pasaka? Akija, anaweza kupita nami kwa naibu wa chifu, hata nusu saa? Au atachukua mbolea mwenyewe nimrudishie pesa yake na kitu kidogo juu? Kiasi gani hakitaonekana matusi? Unaweza kusema ni wazo lako, mimi sijui lolote? Na ile pampu yangu bado iko kwako, au nayo imepata mwenyewe mwingine?

Nijibu upesi, trekta nimepangiwa wiki ijayo.

Ni mimi,
Baba Chebet