Wakaguzi waje bila kupiga simu

Mhariri,

Mdogo wangu ana miaka 31 na ana ulemavu wa akili. Anaishi na wenzake saba katika kituo kidogo cha malezi hapa Dar es Salaam. Jumapili iliyopita nilimkuta kavaa shati la mwenzake, kola imemkaba shingoni, kucha hazijakatwa siku nyingi. Mlezi hakujua hata jina lake. Ni wa tatu tangu Januari.

Simlaumu dada wa watu. Usiku yuko peke yake na watu wanane, na mshahara wenyewe huchelewa.

Tunaambiwa kituo kidogo ni kama nyumbani. Labda. Ila nyumbani majirani huchungulia; pale geti limefungwa na ndugu tunakwenda kwa miadi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 16 inataka vituo vya namna hii vifuatiliwe na vyombo huru. Basi wakaguzi waje bila kupiga simu, saa ya chakula cha jioni, wamuulize mdogo wangu mwenyewe. Anaongea polepole, wampe muda.

Ndugu wa mkazi,
Temeke